Binamu, wale si Wavietnam waliobaki nyuma

Kwa binamu yangu,

Siku ile ulipotuonyesha picha zako za Hòa Bình, kule kaskazini mwa Vietnam, ulisimama kwenye ile ya mama mtu mzima mwenye sketi nyeusi, yenye pindo pana la nakshi kiunoni, ukasema: "Hawa ni Wavietnam wa zamani, walibaki nyuma milimani." Sikutaka kukukatiza mbele ya wageni. Lakini neno lile limenikaa rohoni, na kwa kuwa wengi hulisema, nakujibu hadharani.

Yule mama ni Mmuong, wa kabila la Wamuong wa Vietnam. Sensa ya 2019 iliwahesabu zaidi ya milioni 1.4. Hata jina hilo wamepewa tu: mường ni neno la Kitai, maana yake nchi ya bondeni yenye mtawala wake. Wenyewe hujiita Mol, au Mual, yaani watu.

Ni kweli Kimuong na Kivietnam ni ndugu wa tumbo moja. Padri Alexandre de Rhodes alipochapisha kamusi yake ya Kivietnam kule Roma mwaka 1651, nyati wa kufugwa alimwandika tlâu. Leo Hanoi wanasema trâu. Wamuong wanasema tlu, ile tl ingali midomoni mwao. Wazee wa Wavietnam, watu wa bonde la Mto Mwekundu, walikaa chini ya Wachina karibu miaka elfu, hadi 938, na lugha yao ikasheheni maneno ya Kichina. Ya Wamuong kule milimani haikusheheni hivyo, ila nayo imebadilika kwa njia zake.

Mkumbuke nyanya yetu wa Kaloleni. Sisi twasema maji, yeye alisema madzi. Kuna aliyethubutu kumwita Mswahili aliyechelewa? Alikuwa Mgiriama kamili, mwenye kaya yake na mizimu yake.

Na Wamuong wana yao. Wana utenzi uitwao Te tấc te đác, kuzaliwa kwa ardhi na maji. Mtu akifa, mganga wao, mo, huketi karibu na maiti akaughani usiku baada ya usiku, ili marehemu aondoke akijua dunia ilivyoanza. Humo mna kobe aliyekamatwa, akaomba asiuawe, naye atawafundisha watu kujenga: watazame miguu yake minne wasimamishe nguzo, watazame gamba lake waezeke paa. Zile nyumba ulizopiga picha, zilizoinuka juu ya nguzo, ndizo hizo za kobe.

Kuna jambo jingine lililonigusa zaidi. Wamuong wa bonde la Mường Bi, huko huko Hòa Bình, wana kalenda ya vijiti 12 vya mwanzi, kila kijiti mwezi mmoja, siku zimechorwa kwa alama za kisu. Huihesabu kwa kufuata kundi la nyota waliloliita Đoi. Binamu, hicho ni Kilimia! Kile kile ambacho wazee wetu walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Wakulima wao na wetu walikuwa wakitazama nyota zile zile kabla ya kushika jembe.

Ukizirusha zile picha tena, chini ya yule mama andika Mmuong. Na kama unayo picha ya karibu ya lile pindo, nitumie. Hulifuma kwa mkono, na nataka kuziona nyuzi.