Vile Vitabu vya Kwenye Sanduku la Bati

Mbukwa, mwanangu.

Sisi huku Kikuyu, Dodoma, hatujambo, hofu ni kwenu. Magoti ya mama yako yanamsumbua, lakini juzi alikwenda soko la Majengo kwa miguu akarudi na mlenda mkavu pamoja na umbea wa mtaa mzima, kwa hiyo ujue ni mzima. Upepo umeanza. Vumbi linaingia hadi kwenye kikombe cha chai.

Ama baada ya salamu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu utanikatiza kwa "baba jamani, nilikuwa natania". Najua ulikuwa unatania. Siku ile ya kipaimara cha mjukuu wangu, ulipowaambia shemeji zako kwamba baba yako anasoma riwaya pendwa, nilicheka pamoja nao. Ulipowafafanulia tofauti ya riwaya pendwa, zile za mapenzi na upelelezi za kujiburudisha, na riwaya dhati, zile nzito za wasomi, nilisikiliza kwa makini, maana ada ya kujua hayo niliilipa mimi. Lakini jioni ukafungua stoo, ukaliona lile sanduku, ukaniuliza kama tumpe mama muuza karanga apate karatasi za kufungia. Hilo la karanga, binti yangu, mpaka leo halijanitoka.

Mambo ya vitabu vya mapenzi baba na binti hawayazungumzi uso kwa uso. Barua haina uso, kwa hiyo acha niseme.

Kitabu cha chini kabisa, kile kisicho na jalada, ni *Kufa na Kupona* cha Elvis Musiba, kilichotoka 1974. Nilikipata kwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima nikiwa darasa la saba, huko kwetu karibu na Kigwe. Operesheni ilikuwa imeshatukusanya kijijini miaka michache nyuma, na sasa redio na mabwana shamba walikuwa na wimbo mmoja tu: kilimo cha kufa na kupona. Babu yako alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele. Akakiona kitabu mkononi mwangu, akakisoma jina, akatikisa kichwa kwa furaha. Mwanangu anasoma habari za kilimo! Nikanyamaza. Wewe ungefanya nini?

Wiki haikupita, bwana shamba akaja na baiskeli yake. Babu yako akamketisha chini ya mbuyu, akaniita nije nimsomee mgeni kile kitabu cha serikali. Mwanangu, nilifungua ukurasa wa katikati nikamkuta Willy Gamba kwenye shughuli zake za upelelezi, ambazo hazina jembe wala samadi. Nikaanza kutunga hapo hapo. Nikamfanya Willy Gamba bwana shamba. Bastola ikawa jembe. Adui akawa ndege waharibifu wa uwele. Babu yako alisikiliza huku amefumba macho. Yule bwana shamba alinitazama muda wote bila kucheka, na nilipomaliza akasema, "Kitabu kizuri sana hiki, mzee." Alipoondoka nilimsindikiza hadi njia panda. Hapo ndipo akaniambia kwamba nakala yake ilimpotea kabla hajafika mwisho, akaomba nimwazime changu.

Alikirudisha baada ya miezi mitatu, bila jalada.

Nilipoajiriwa reli nikawa gadi, msimamizi wa treni safarini, na kazi ya gadi ina saa nyingi za kukaa kuliko watu wanavyodhani. Treni inasimama Kintinku kupisha nyingine, unakaa. Inasimama Saranda, unakaa. Wenzangu walicheza bao au walilala. Mimi nilisoma kwa taa ya kazi, na betri zilipoisha mapema nilisingizia baridi. Joram Kiango, yule mpelelezi wa riwaya za Ben Mtobwa, nilimsoma wote kwenye behewa la gadi, na Mtobwa alipofariki mwaka 2008 nilihisi kama nimefiwa na mtu tuliyekuwa tukisafiri naye. Abiria wa daraja la kwanza walisahau vitabu vya Kiingereza chini ya magodoro, vile vyembamba vya Mills & Boon. Kiingereza changu kilikuwa cha kuandikia taarifa za ajali, lakini mapenzi yana maneno machache yanayojirudia, kwa hiyo nilifika. Baadaye nikajua kampuni hiyo ilianza London mwaka 1908, miaka miwili kabla reli haijafika Dodoma. Nikafurahi bila sababu.

Sasa nikujibu hoja yako, maana ulitoa hoja na si utani mtupu. Ulisema vitabu hivi havina thamani kwa sababu mwisho wake unajulikana.

Bibi yako alitusimulia ngano za fisi na sungura kila kiangazi cha utoto wangu. Fisi hakushinda hata mara moja. Sikusikia mtoto akiinuka motoni kwenda kulala kwa sababu amejua nani atashinda. Tulikuwa tunangoja kuona safari hii fisi atajiponza vipi.

Lakini hilo nililielewa vizuri zaidi Gulwe. Zilikuwa mvua za El Nino, ule msimu wa 1997 kuingia 1998, maji yalipokula tuta la reli huko mbele yetu. Tulikwama na abiria wa daraja la tatu usiku na mchana, na tena usiku. Maji ya kunywa yalikuwa ya kupimana, watoto wanalia, kuna bwana mmoja alianza kuchochea watu wapige mawe kichwa cha treni, kana kwamba kichwa ndicho kilichonyesha mvua. Nikachukua kitabu nilichokuwa nacho, hadithi ya mapenzi, kijana fundi saa na binti wa tajiri, nikasimama kati ya viti nikaanza kusoma kwa sauti. Mwanzo walinikejeli. Baada ya kurasa kumi, wa behewa la pili walikuwa wamesongamana mlangoni. Nilisoma mpaka sauti ikakauka, mama mmoja akanipa chai ya rangi kutoka kwenye chupa yake ya mwisho.

Kumbe kitabu kilikuwa kimenyofolewa kurasa za mwisho. Mimi nilikuwa nalijua hilo tangu nilipokinunua, nikawa na matumaini kwamba maji yatapungua kabla hatujafika huko. Hayakupungua. Basi nikatunga mwisho, na nikataka kuonekana msomi. Nikamuua fundi saa. Nikamfanya binti abaki dirishani anasikiliza saa aliyoachiwa, tik, tik, tik. Nilijiona nimeandika riwaya dhati, ile ya kwako.

Behewa lilikaa kimya. Kisha yule mama wa chai, alikuwa anarudi Kigoma, akasema: "Gadi, sisi hapa tumekwama. Na yeye unamkwamisha?"

Wakanilazimisha nirudie. Sikuruhusiwa hata kuketi. Wakasimamia kila sentensi: kijana apone, lakini asipone upesi, baba mkwe aombe radhi, lakini kwanza saa yake ya dhahabu iharibike na asipatikane fundi mwingine wa kuitengeneza isipokuwa yule yule aliyemfukuza. Hilo la saa alilitoa yule bwana wa mawe. Mwanangu, nimesoma vitabu vingi, na kwa ufundi wa kufunga hadithi sijaona uliopita ule wa watu wenye kiu. Walijua kabisa wanakoelekea. Kazi yote ilikuwa njiani, na njiani hawakumsamehe mtunzi hata kosa moja.

Kwa hiyo ukiwafundisha wanafunzi wako kwamba mwisho unaojulikana ni dalili ya uvivu, waambie pia kwamba yupo mzee Dodoma aliyejaribu kuuandika na akasahihishwa na behewa zima.

Tena hiyo mizani yenu ya pendwa na dhati huwa inasogea. Katika kile kitabu chako cha chuo ulichokisahau hapa nimesoma habari za Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Ile ni hadithi ya upelelezi, Bwana Msa na kiko chake anatafuta muuaji. Leo wasomi wanamwandikia tasnifu. Nami nilimsoma Bwana Msa Itigi, nimekalia gunia la mtama, naogopa kugeuka nyuma. Kitabu ni kile kile.

Sisemi humo sandukuni mna dhahabu tupu. Vingine ni ovyo, na mimi ndiye wa kwanza kusema. Katika hadithi za wapelelezi, mwanamke akishavaa vizuri tu ujue ama ni msaliti ama atakufa kabla ya sura ya kumi. Nikiwa kijana sikuliona, nilipopata binti nikaanza kuliona kila ukurasa. Miaka ya tisini, vitabu vya mapenzi vilivyonipitia mikononi vilianza kuishia wodini: msichana akipenda, anaugua, na mtunzi anampandia mimbari juu ya kitanda cha mgonjwa. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, tulizika wenzetu wengi kazini. Ila nilichukia kuona unatumiwa kama fimbo ya kumchapia binti wa watu kwa kosa la kupenda. Na hizi zinazoitwa chombezo, za kwenye simu, tuziache hapo hapo. Baba yako ana miwani lakini si kila kitu anakisoma.

Kuna jambo jingine sijawahi kukwambia, na mama yako hataki lisemwe. Unajua alikuwa anakata tiketi dirishani Manyoni. Tulianza kwa kuazimana vitabu: nikipita kwenda Tabora nampitishia kimoja kwenye lile tundu la tiketi, nikirudi ananipa. Nilishangaa jinsi anavyomaliza haraka. Nilikuja kugundua kwamba anaanza kusoma ukurasa wa mwisho, akiridhika ndipo anarudi mwanzo. Nilichukia kweli kweli. Nilimwambia ni sawa na kushuka Kigoma halafu kudai upewe kiti Dodoma. Akanijibu kwamba yeye hana muda wa kuhangaika na mtu ambaye hajui kama atamuoa au hatamuoa.

Nilidhani anamsema mtu wa kitabuni.

Safari iliyofuata, katika kitabu alichonirudishia, mahali ambapo kijana anazunguka nyumba ya binti kwa sura tatu nzima bila kusema alilonalo, nilikuta kaandika pembeni kwa penseli: "Huyu angesema mapema, kitabu kingekuwa kifupi." Nilisoma sentensi ile kuanzia Manyoni hadi Dodoma. Mwezi uliofuata mshenga alipanda treni. Kitabu hicho ndicho chenye jalada la kijani, kimefungwa uzi. Kwa hiyo ukimpa mama muuza karanga, ujue umempa cheti cha ndoa cha wazazi wako.

Siku hizi, kama unavyojua, nasoma kwenye simu. Kuna vijana wanatuma hadithi kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure, kisha anakukatia pale mlango unapofunguliwa: lipia elfu moja upate mwendelezo. Mama yako alipoona natuma pesa kwa kijana asiyemjua, akajua nimetapeliwa. Alitaka kwenda polisi. Nikamweleza kwamba ndivyo magazeti yalivyokuwa, ile "itaendelea toleo lijalo" tuliyokuwa tunaingoja kwenye basi la kutoka Dar es Salaam. Eric Shigongo alitutesa miaka mingi kwa mtindo huo, halafu mwaka 2020 akachaguliwa kuwa mbunge wa Buchosa akaja hapa hapa Dodoma kukaa vikao. Nilitamani nikutane naye Nyerere Square nimdai wiki zote zile nilizolala bila kujua kilichotokea.

Basi, ombi langu. Sanduku liache lilipo. Ukija likizo ya Desemba, njoo na gundi nzuri na karatasi ngumu, kuna migongo sita ya kushika upya, na mjukuu wangu ana vidole vyembamba vya kazi hiyo. Usimchagulie cha kusoma. Mwache achague kwa jalada, kama tulivyofanya sote. Na umletee mama yako ile dawa ya kuchua, ya kopo la bluu, iliyopo imeisha.

Nimeiacha barua hii mezani mara moja nikaenda kumwagilia mzabibu. Niliporudi nimekuta mama yako ameishika. Kaigeuza, kaangalia chini ya karatasi ya mwisho, kaona bado haina mwisho, akairudisha mezani bila kuisoma.

Ni mimi baba yako,
Kikuyu, Dodoma