Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: kifusi kipimwe kabla ya kutoka getini

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Nakuandikia kuhusu kiwanja cha kiwanda cha zamani kando ya Barabara ya Nyerere, upande wa Vingunguti, ambako katapila linachimba msingi wa magodauni mapya. Jina la kiwanda naliacha, maana aliyenunua kiwanja siye aliyefukia taka. Na viwanja vya aina hii viko vingi: Chang'ombe, Keko, Kipawa, Ubungo, Mikocheni.

Ukisimama ukingoni mwa shimo lile unaona tabaka zake waziwazi. Juu ni moramu. Chini yake jivu jeusi, vipande vya mapipa yaliyoliwa na kutu, na unga wa manjano unaoganda kwenye viatu. Vijana wa chuma chakavu wanayavuta mapipa hayo mikono mitupu, wanakung'uta unga, wanakimbilia mizani. Unga mwingine wanarudi nao nyumbani kwenye nguo.

Linaloninyima usingizi zaidi ni matipa. Udongo unaotoka mle unauzwa kama kifusi. Watu wa mabondeni, kwa mfano Kigogo, wananunua kifusi kuinua nyua zao zisijae maji ya Mto Msimbazi, na nani atauliza kimetoka wapi wakati masika yanabisha hodi? Tipa likishamwaga, taka iliyokuwa kwenye shimo moja inasambaa mtaa mzima, watoto wakicheza juu yake. Baada ya hapo hakuna wa kuikusanya tena.

Nilipouliza, ofisi moja ilisema ni suala la kibali cha ujenzi, nyingine ikasema ni la mazingira. Wakati wanarushiana mpira, matipa yanapita.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inaruhusu aliyeharibu aamriwe kurejesha. Meno yapo. Ombi langu la kwanza ni dogo: udongo usitoke getini mpaka upimwe.

Upimwe kweli, si kuchota kiganja cha juu juu. Kati ya sumu za viwandani, madini ya risasi hushikamana na udongo na kupeperuka na vumbi, lakini metali nyingine, kromiamu, ile ya aina yenye sumu kali, huyeyuka na kusafiri na maji. Mchanga wa Dar unapitisha maji upesi, na tangu ukame wa 1997 mji huu umetobolewa visima kila kona. Kwa hiyo sampuli zichukuliwe tabaka kwa tabaka, na visima vya majirani vipimwe kabla na baada ya masika. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi katika maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Kiasi hicho hakionekani wala hakina ladha, hivyo anayekuambia "maji yetu ni masafi, tunakunywa kila siku" hajapima chochote. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara hapa hapa mjini. Majibu yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili.

Pili, mkikuta sumu, msiihamishie kwa wengine. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo mwaka 1988, Mahakama Kuu ikawapa haki. Dampo likaja kwetu Vingunguti, likaenda Mtoni, sasa liko Pugu Kinyamwezi. Taka za nyumbani zenyewe zimetutesa hivyo. Za kiwandani zinahitaji mahali palipojengwa kuzizuia zisichuruzike ardhini, na gharama alipe aliyefaidika, hata kama ni serikali yenyewe. Viwanda vingi vilikuwa mali ya umma baada ya Azimio la Arusha, vikauzwa miaka ya 1990. Mafaili ya mauzo yafunguliwe, tujue nani alibeba dhamana ya uchafu ulioachwa.

Ila sidhani kama kuna faili linaloonyesha mashimo ya taka yalipo. Wanaojua ni wazee waliofanya kazi mle. Wawili kati yao, jirani zangu, wako tayari kuja kuwaonyesha wataalamu wako, mradi wasipigwe picha. Mmoja miguu inamsumbua, mtamfuata kwa gari.

Wako,
Mkazi wa Vingunguti, Dar es Salaam