Barua ya wazi kwa Afisa wa Usafi na Mazingira: Lori lenu limechanganya tulichotenganisha

Mheshimiwa,

Kwanza pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mlezi wa klabu ya mazingira. Barua zangu kwa ofisi yako zimepokelewa na kugongwa mhuri, kisha nikaambiwa nisubiri. Nimesubiri mpaka nimechoka, ndiyo maana leo naandika hadharani.

Wiki hii lori la taka liliingia shuleni wakati wa mapumziko, watoto wote wako nje. Tuna mapipa matatu: la karatasi, la chupa na makopo, na la mabaki ya chakula. Yote yalimwagwa ndani ya lori moja, watoto wakitazama. Kesho yake pipa la karatasi lilikuwa limejaa maganda na chupa. Sikuwagombeza. Ningewagombeza kwa lipi, wakati wakubwa wamewaonyesha kwamba kutenganisha ni kazi bure?

Mheshimiwa, mapipa hayo uliyazindua wewe. Ulipiga picha na wanafunzi, ukawaahidi kwamba taka walizotenganisha zitakuwa na siku yake ya kuchukuliwa. Watoto hawasahau ahadi ya mgeni rasmi.

Huenda lori ni moja tu. Huenda mkandarasi analipwa kwa tani anazofikisha dampo, na kama ni hivyo, hana sababu ya kutaka taka zipungue. Nakisia tu, kwa kuwa hakuna aliyenieleza.

Ninachokijua ni hiki: karatasi ikishalowa mafuta ya chakula, wachakataji huikataa. Kopo la alumini likiyeyushwa upya hutumia takribani asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye madini, lakini kopo hilo haliokoi chochote likifukiwa dampo. Mabaki ya chakula nayo yakifukiwa pasipo hewa hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Hayo tuachieni sisi: tukiyachanganya na majani makavu na kuyageuza mara kwa mara, tunapata mboji ya bustani ya shule. Hatuombi msaada kwa hilo.

Lori lisipokuja, shimo la taka hufurika, na shimo likifurika huchomwa moto. Moshi wa plastiki unaingia madarasani. Nina wanafunzi wenye pumu, Mheshimiwa. Nawahamisha viti, nafunga madirisha, joto linatuzidi, nafungua tena. Jioni wenzangu wakienda nyumbani, mimi nabaki nasuuza chupa na kufunga mafungu ya karatasi. Stoo imejaa, panya wameanza kuingia, na mkuu wa shule ananiuliza nitaviondoa lini. Namjibu kwamba ofisi yako iliahidi.

Sihitaji mapipa mapya wala semina. Naomba siku moja ya kuchukua karatasi, chupa na makopo peke yake, lori likiwa tupu. Iwe mara moja kwa mwezi, tutapanga nafasi. Na hilo likishindikana, tupeni kibali cha maandishi sisi wenyewe tuwauzie wanaookota na kununua chupa, maana tumekatazwa kuwaruhusu getini.

Siku moja tu, Mheshimiwa. Itaje kwa maandishi, niibandike ubaoni watoto waione.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mlezi, klabu ya mazingira