Kwa Mama Glory, kuhusu ile hasi tatu

Majengo, Moshi

Mpendwa Mama Glory,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, mvua imeshika kweli, Manka kajifungua salama. Unisamehe kwa kimya tangu Pasaka. Mchana niko Mbuyuni na maharage yangu, usiku niko na daftari, maana mtihani ni Novemba na safari hii hesabu lazima nifaulu.

Nakuandikia kwa sababu ya domeni na renji, yaani x zinazoingia kwenye f(x) na y zinazotoka. Domeni imeniingia: x zote zinazokubalika. Asili ya sehemu isiwe sifuri, ndani ya kipeuo cha pili isibaki hasi. Hata mabano nayaelewa sasa: ya mraba namba ya mwisho imo, ya mviringo haimo. Mlima wetu unaishia mita 5895 na watu wanafika wanasimama pale juu, basi 5895 inapata mabano ya mraba. Infiniti (∞), ile isiyo na mwisho, haifikiki, kwa hiyo siku zote mabano ya mviringo. Kumbe zile alama nilizokuwa nakatwa ni kwa kuandika [0, ∞], na hakuna aliyeniambia!

Kinachoninyima usingizi ni renji. Siku ile stendi uliniambia niiache x peke yake, kisha nitazame y ipi inakataa. Nikajaribu f(x) = (x + 1)/(x − 2), nikapata x = (2y + 1)/(y − 1). Y isiwe 1, renji (−∞, 1) ∪ (1, ∞). Sahihi! Nilifurahi mpaka nikamwamsha Baba Joni.

Halafu ikaja f(x) = √(9 − x²). Domeni [−3, 3], sawa. Kwa njia ileile nikapata x² = 9 − y², nikaandika renji nayo [−3, 3]. Jibu la kitabu ni [0, 3]. Nimerudia mara nne. Nikachora grafu: nusu duara, yote iko juu ya mstari wa x. Sasa hasi tatu ilitoka wapi? Nahisi iliingia pale nilipozidisha kila upande kwa upande wenyewe. Kipeuo kile hakitoi hasi, lakini ikishakuwa y², y hasi na y chanya zinafanana. Ile y ≥ 0 niliipoteza hapo.

Ni hivyo kweli? Niwe naandika sharti pembeni kabla ya kuondoa kipeuo? Na mbona x² − 4x + 7 ilinipa x = 2 ± √(y − 3), renji [3, ∞), bila namba ya uongo kuingia? Glory kifua kimepona? Unashuka lini kwa mama? Ukikosa nafasi, mpe konda karatasi, nitaipokea stendi.

Wako,
Ndeshi