Kamera zetu zinapiga picha kofia tu

Mhariri, naomba nafasi niongee na wenzangu wenye nyumba, na mafundi kamera nao wasome.

Siku hizi huku Goba kila geti jipya lina kamera, sawa, ila inua macho uone zilipofungwa, juu kabisa chini ya paa, eti zisiibiwe na zione eneo lote. Sasa kibaka akiingia usiku video unayo lakini unachoona ni kofia na mabega, na hata rangi ya hiyo kofia huijui maana usiku nyingi zinapiga picha nyeusi na nyeupe. Polisi utawaonyesha nini?

Kamera ya getini ifungwe kama mita 2.5 hivi kutoka chini, itazame uso wa anayeingia sio utosi wake. Ukiogopa itang'olewa weka nyingine inayoilinda hiyo. Halafu hizi lenzi za 2.8 mm zilizojaa madukani zinaona pana sana kwahiyo mtu aliye mbali anakuwa kama sisimizi, kama kamera iko barazani na geti liko mwisho wa kiwanja chukua ya 6 mm, utaona eneo dogo ila sura utaipata.

Jua nalo. Kamera ikitazama mashariki asubuhi au magharibi jioni mtu anabaki kivuli cheusi tu, igeuze kidogo na upunguze mbingu kwenye picha. Pia usiibananishe na ukuta mweupe, usiku mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ambao kamera inautoa ili ione gizani, unagonga pale unarudi picha yote inakuwa ukungu. Utando wa buibui unafanya hivyohivyo, ufagio unatosha.

Na jamani uani kwa jirani mnatafuta nini? Mama wa watu anaanika nguo zake, wewe unamrekodi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na kamera nyingi kwenye setingi zina sehemu ya kuziba eneo usilotaka lionekane, mwambie fundi aizibe.

Kabla hajatoboa ukuta aishikilie tu kwa mkono, mtoto avae kofia atembee kutoka getini, wewe angalia kwenye simu kama unamtambua. Giza likiingia rudieni. Fundi akisema ana haraka, hela iliyobaki kaa nayo mpaka uone picha ya usiku.

Msomaji wenu,
Goba, Dar es Salaam