Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka kupeleka watu Lofoi

Mdogo wangu mpenzi,

Nimeiona picha ya basi dogo ulilonunua, na nimesoma ujumbe wako wote kuhusu viti vipya, kipaza sauti na jina unalotaka kulichora ubavuni. Ujumbe huo ulinikuta Dar es Salaam nikingojea vitenge vyangu vipakiwe kwenye lori, na kwa kuwa mwenye lori aliniambia kwamba safari ya kurudi kwetu Lubumbashi, kupitia mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa, haitaanza kabla ya wiki nyingine, niliamua kufanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika miaka yote ya biashara yangu: nilipanda basi hadi Moshi, nikalala huko siku mbili, nikalipa mtu anitembeze kwenye maporomoko ya maji na vijiji vya mlimani, ili nione kwa macho yangu kazi unayotaka kuianza, ya kupeleka wageni kwenye maporomoko yetu ya Lofoi. Ninakuandikia hadharani kwa sababu najua kwamba mitaani kwetu, Kamalondo na Katuba, wako vijana wengine wenye wazo kama lako, na pia kwa sababu kwenye simu huwa hunisikilizi hadi mwisho.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipofika jioni, kijana mmoja mchangamfu alinipokea nje ya stendi ya mabasi, akanionyesha picha kwenye simu yake na kutaja bei ya chini, na mimi, ninayejivunia kwamba hakuna mtu wa Kariakoo anayeweza kuniuzia kitenge kibovu, nikampa malipo ya awali bila hata kumwuliza anaishi wapi. Asubuhi hakutokea, na simu yake ilikuwa imezimwa. Mama mwenye nyumba ya wageni aliponiona nimekaa kwenye ngazi, kamba za viatu zimekwisha fungwa, hakunicheka. Alimpigia simu kijana aliyezaliwa Materuni kwenyewe, kijiji chenye maporomoko, na ilipofika saa nne tulikuwa njiani.

Materuni iko Uru, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, chini ya kilomita 20 kutoka mjini, na ukipita hapo na kuendelea kupanda hukawii kuingia msitu wa hifadhi. (Mlima wenyewe, wenye mita zake zote 5,895, sikuuona, ulijifunika mawingu siku zote mbili, na kila mtu aliniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeufunika.) Tuliposhuka garini hatukwenda kwenye maji. Tulikwenda kwenye kibanda chenye meza moja, ambapo mama mmoja alifungua daftari kubwa la mistari, akaandika jina langu, nchi yangu na saa ya kuingia, akapokea ada ya kijiji, akanikatia risiti. Nilipomwambia kwamba natoka Lubumbashi aliinua kichwa, akaniuliza kama kwetu tunaijua baridi. Nilimjibu kwamba mwezi wa Juni na wa Julai tunaamka na makoti, naye hakuniamini hata kidogo.

Daftari lile ndilo jambo la kwanza ninalotaka uliige, kabla ya viti na kabla ya kipaza sauti. Kiongozi wangu alinieleza kwamba jina lake nalo limo mle, kwa sababu viongozi wa kijiji huenda kwa zamu, na aliyetoka na mgeni leo humwachia mwenzake mgeni wa kesho. Nilimwuliza nani aliwafundisha utaratibu huo, naye akanionyesha mfereji mdogo wa maji uliokatiza njia yetu, ambao mimi nilikuwa nimekwisha uruka bila kuutazama. Wachaga huuita mfongo. Mababu zao waliichimba mifereji hiyo kwa mikono, wakiyatoa maji kwenye vijito vya juu na kuyaongoza ubavuni mwa mlima hadi mashambani, na tangu zamani watu wamekuwa wakiyatumia kwa zamu, huyu akifungua na yule akiziba. Kijana alieleza haya bila kujisifu, kama wewe unavyoweza kumweleza mtu namna ya kupanga foleni ya maji kisimani, kisha akaendelea kutembea.

Njia ni ya kutembea kwa miguu tu, yapata dakika 45 kwa mtu mwenye pumzi, na kwangu mimi ilizidi saa moja. Kama ungeniuliza zamani, ningekwambia kwamba saa hiyo ni adha ambayo mtu huivumilia ili ayaone maji. Sasa nasema kwamba saa hiyo ndiyo niliyoilipia. Tulipita katikati ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozizunguka nyumba, ambamo hakuna kipande cha ardhi kinacholala bure: juu kuna miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kuna mibuni, na chini kabisa magimbi. Ng'ombe hapelekwi malishoni. Amefungiwa bandani, majani huletewa humo humo, na samadi yake hurudi kwenye migomba. Makaburi ya wazee yamo humo pia, kati ya migomba, jambo lililonifanya nishushe sauti bila kuambiwa. Kati ya kihamba na kihamba hapana ukuta wala seng'enge, bali mstari wa mmea wenye majani marefu membamba, uitwao isale, na mtu aliyemkosea jirani yake akija kuomba msamaha huja na jani la mmea huo huo mkononi, na kumkatalia mtu aliyeshika isale ni jambo zito sana. Nilikaa nikilifikiri hilo kwa muda mrefu: jani moja laonyesha mahali shamba lako linapokoma, na jani hilo hilo lakuruhusu kuvuka. Kijana hakulifafanua zaidi, nami nikashukuru kwamba hakulifafanua.

Maji yenyewe, nitakwambia kwa ufupi, ni mazuri. Yanaanguka kutoka kwenye ukuta wa mwamba wenye urefu wa mita kama 80, na kabla hujayaona unayahisi kwenye kope za macho, kwa sababu manyunyu yake yanakuja na upepo hadi njiani. Waliokuwa na nguvu waliingia bwawani na kutoka wakitetemeka. Mimi niliteleza kwenye jiwe la mwisho, soli ya kiatu changu cha kushoto ikafumuka nusu, na kijana akaifunga kwa kamba ya mgomba aliyoichana hapo hapo, fundo mbili, akaniambia itanifikisha. Ilinifikisha Moshi, na bado imefungwa hivyo ninapoandika.

Wakati wa kurudi tuliingia katika nyumba moja kunywa kahawa, na hapa nataka utulie. Nilipewa buni mkononi, nikazungusha mkono wa mashine ndogo inayomenya ganda la nje, kisha nikaonyeshwa zilizokwisha kauka, ambazo hutwangwa kinuni ili ngozi yake ngumu itoke, hupepetwa kwenye ungo, hukaangwa katika chungu juu ya mafiga matatu, na hutwangwa tena kuwa unga. Watu waliimba wakati wa kutwanga, na sauti ilikuwa kubwa kuliko kazi ilivyodai. Nilijua kwamba wimbo ule uliimbiwa simu zetu, lakini sikuudhika, kwa sababu mchi ulikuwa mkononi mwangu na jasho lilikuwa la kweli. Kilichonishika ni mama aliyekuwa akikaanga. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba rangi ya punje haikuonekana vizuri, naye hakuitafuta. Aliinamisha sikio karibu na chungu, akasikiliza zinavyopasuka, moja, mbili, kisha nyingi kwa pamoja, akangoja kidogo, akakitoa chungu motoni. Kahawa ya Wachaga si ya mababu kama mfongo. Ililetwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1933 wakulima walikwisha kuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, cha kuuza mazao yao pamoja. Ila kwa namna mama yule alivyosikiliza, ungeapa kwamba kazi hiyo imo katika damu tangu mwanzo wa dunia.

Sasa turudi kwetu. Lofoi inaanguka zaidi ya mita 300 kwa mkupuo mmoja, kutoka uwanda wa juu wa Kundelungu kuelekea bonde la Lufira. Materuni ingeweza kusimamishwa mara tatu ndani yake na nafasi ikabaki. Ni moja ya maporomoko marefu kabisa ya Afrika ya Kati. Na bado, mdogo wangu, katika mtaa wetu mzima, ukiwatoa nkambo (mzazi wa wazazi wetu) na wewe, hebu nitajie watu watatu waliowahi kuyaona. Wewe unasema tatizo ni usafiri. Barabara ya Kasenga naijua, vumbi lake nimelila, na sikatai kwamba basi zima ni heri kuliko basi bovu. Lakini mtu utakayemfikisha pale baada ya siku nzima ya kutikiswa atasimama ukingoni, atapiga picha, atauliza choo kiko wapi, na baada ya nusu saa ataanza kuitazama saa yake. Hutakuwa na cha kumpa, kwa sababu kila ulichokipanga kimo ndani ya basi.

Kwa hiyo anza na vijiji vilivyo njiani na pembezoni mwa hifadhi. Kundelungu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, na iko chini ya ICCN, shirika la serikali la hifadhi za wanyama na misitu, kwa hiyo kibali na hali ya usalama utaviulizia kwao kabla hujachukua faranga moja ya mtu yeyote. Hilo halina mjadala na sitaki kulirudia. Ila kibali kitakufungulia lango tu. Atakayemweleza mgeni kwa nini njia inapinda pale na si hapa ni mtu wa kijijini, anayelipwa siku hiyo hiyo, mkononi, mbele ya mgeni, na jina lake likiwa limeandikwa daftarini.

Usijaribu kuwaigiza Wachaga kahawa, kwani kwetu haipo na watu watakucheka. Tafuta mama anayetengeneza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Sisi tumekunywa munkoyo tangu utotoni kiasi kwamba hatuoni kitu ndani yake, lakini fikiria mtu anayeuona kwa mara ya kwanza: uji wa mahindi ulio mzito unapozwa, mizizi iliyopondwapondwa hadi ikawa kama nyuzi inatumbukizwa, na uji unalegea mbele ya macho yako, unakuwa mwepisi kama maji na unaanza kuwa mtamu kabla mtu hajatia sukari yoyote. Mpe mgeni jiwe aponde mizizi mwenyewe. Mpe asali ikiwa bado ina nta. Msimu wa mvua una uyoga na una vinkubala, yaani viwavi vya kuliwa, na atakayekataa kula vinkubala ataondoka na hadithi ya kusimulia, jambo ambalo nalo lina thamani yake.

Msimu, hata hivyo, utakusumbua kuliko unavyodhani. Mvua zetu huanza mwezi wa Novemba na kuisha Aprili. Wakati huo Lofoi imejaa lakini barabara ni tope, na ukingoja hadi Septemba barabara itakuwa ngumu na safi, nyasi zitakuwa zimechomwa, na maji yatakuwa yamepungua sana. Wiki zako ni zile za mwezi wa Mei na za mwanzo wa Juni, basi. Ukimwahidi mtu Lofoi ya Oktoba kwa picha ya Aprili, hutatofautiana na kijana wangu wa stendi.

Jambo la makala nalo usilifiche. Nilimwuliza kiongozi wangu kama watu wa Materuni wanachoma makala, akaniangalia kwa mshangao, kwa sababu huko makala ni maandishi ya gazetini, na sisi tunachokiita makala wao hukiita mkaa. Tulicheka, lakini swali langu lilikuwa la dhati. Wageni wako watapishana njia nzima na baiskeli zilizopakia magunia ya makala yanayokuja kupika bukari yetu (ugali) mjini, na watauona msitu wa miombo uliokatwa. Usiwaambie watazame upande mwingine. Mwache mtu wa kijiji aeleze gunia moja linampa nini na linamnyima nini, naye mgeni wa mjini, ambaye ndiye mnunuzi, ajibu akiweza.

Mwisho, watoto. Materuni hakuna aliyenipanga na watoto kwa ajili ya picha, na nilipotaka kumpiga mmoja picha akiwa mgongoni mwa dada yake, kijana aliniambia niombe kwanza ruhusa kwa mama yao, ambaye alisema hapana. Niliona aibu, nikairudisha simu mfukoni. Mfundishe kila atakayekufanyia kazi kusema hivyo, hata kwa mgeni aliyelipa vizuri.

Lori limeanza kupakiwa leo. Viti vipya usivinunue bado, na jina usilichore. Nikivuka Kasumbalesa nitahitaji siku mbili za kugawa mzigo, kisha nataka twende sisi wawili kwa nkambo, kwa basi lako hilo hilo lenye viti vibovu. Ufike na daftari jipya lenye mistari. Mimi nitaleta chumvi, sabuni na sukari, na viatu vingine.

Mkubwa wako, Yaya