Unataka magari ya mbio? Usichague digrii kwa jina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na vijana wanaotaka kuwa mainjinia wa magari ya mbio, maana wengi wakifika kwenye kuomba chuo wanakimbilia kozi yenye neno "mbio" kwenye jina lake halafu hata hawaangalii ndani inafundishwa nini.

Sisemi kozi hizo ni mbaya. Chuo cha Oxford Brookes cha Uingereza kinaheshimika kwa hilo, chuo cha Cranfield nao wanayo ya shahada ya uzamili, yaani unaweza kuanza na uhandisi mitambo kwanza ukaja kubobea baadaye, na mimi njia hiyo ndo naiamini zaidi. Kwenye mitambo unasoma nguvu, joto, uimara wa vyuma, mwendo wa hewa, vitu ambavyo gari zima limejengwa juu yake, na timu zikikukosesha nafasi (Formula One msimu wa 2026 ina timu 11 tu jamani) bado viwanda vingine vitakuchukua.

Angalieni waliofika. Adrian Newey, mbunifu maarufu wa magari ya Formula One, alisoma uhandisi wa ndege na vyombo vya anga pale Southampton akamaliza 1980, na inaeleweka, kwa sababu bawa la gari la mbio ni lile la ndege limegeuzwa chini juu ili hewa ilikandamize gari barabarani. Hannah Schmitz wa timu ya Red Bull alisoma uhandisi mitambo Cambridge na leo kazi yake ni kupanga mikakati, lini gari liingie kubadilisha tairi. Umeme nao usiudharau, injini za Formula One ni haibridi (mafuta na umeme pamoja) tangu 2014 na kwa sheria za 2026 karibu nusu ya nguvu inatoka kwenye mota ya umeme, kwa hiyo anayependa umeme na kuandika programu asidhani hana chake huko.

Ila kitu ninachotaka kukisisitiza kabisa ni mashindano ya wanafunzi yanayoitwa Formula Student. Yalianza Marekani mwaka 1981 kwa jina la Formula SAE, Uingereza yakaingia 1998, wanafunzi wanachora na kujenga wenyewe kigari cha kiti kimoja halafu wanakipeleka mashindanoni, na huko sio spidi tu, majaji wanakuuliza kwa nini umechagua suspensheni hii (springi na vyuma vinavyoshika magurudumu), gharama zake zikoje, halafu kuna mbio ndefu ya kama kilomita 22 ambayo magari mengi hayaimalizi. Hapo ndo unajifunza kufanya kazi na watu, muda umebana na hela haitoshi, kitu ambacho darasani hukipati, na timu kubwa zikiajiri zinauliza hicho.

Kwa hiyo kabla hujatuma maombi kiulize chuo: mnayo timu ya Formula Student? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kuingia karakana? Wakijibu hapana, tafuta kingine hata kama jina la kozi yao ni tamu.

Msomaji wenu, mpenzi wa mbio za magari.